Ghorofa kwenye udongo wa mbuga: kuta zibebe au nguzo?

Msomaji ameniandikia hivi: "Shikamoo Injinia. Mama yetu amestaafu ualimu, na sisi watoto wanne tumechanga tumjengee nyumba ya ghorofa moja nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Yeye atakaa chini, juu tutapangisha. Fundi wetu amejenga nyumba nyingi za chini, anasema tofali za inchi 6 zinatosha kubeba jamvi, yaani sakafu ya zege, la juu, nguzo ni kumaliza hela kwenye nondo. Jirani anasema bila nguzo na boriti tunamjengea mama kaburi. Rafiki yangu wa Dodoma anasifu tofali za kufungamana. Mjomba naye ana rafiki ambaye ni mkandarasi wa barabara, yuko tayari kutujengea kwa bei ya undugu. Kiwanja ni cha udongo mweusi, kiangazi unapasuka. Tumsikilize nani?"

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa kumkumbuka mama. Umenipa watu wanne wenye maneno manne, halafu mwishoni kabisa, kama jambo la kupita tu, ukataja udongo mweusi unaopasuka. Mimi nimelisoma swali lako kuanzia hapo mwishoni. Ukinijibu vizuri kuhusu udongo, ubishi wa kuta na nguzo utajimaliza wenyewe. Na katika watu wako wote, hakuna hata mmoja aliyekwambia chimbeni kwanza tuone chini kuna nini.

Udongo huo ndio tunaouita mbuga, na ninyi watu wa Usukumani mnaujua kuliko mimi. Mpunga na pamba vimeota humo tangu enzi za mababu. Mvua ikinyesha unanata kwenye kiatu mpaka mguu unakuwa mzito. Ikifika Agosti unaachia nyufa ambazo mtoto anaweza kuingiza mkono. Ndani yake mna madini ya mfinyanzi yenye umbo la karatasi nyembamba sana zilizopangwa kama kurasa za daftari. Maji yakiingia, yanapenya katikati ya kurasa na daftari linavimba. Yakitoka, linasinyaa. Kwa mkulima hiyo ni neema. Kwa nyumba ni kitanda kinachopanda na kushuka kila mwaka, na kibaya zaidi hakipandi sawasawa. Mwanzo wa mvua, udongo wa pembeni mwa nyumba hulowa kwanza, kwa hiyo kona zinanyanyuliwa na katikati panabaki chini. Miaka ikipita, unyevu hujikusanya chini ya sakafu kwa sababu jua haliwezi tena kuunyonya, basi katikati nako panapanda. Nyumba inapindishwa huku na kule kama mtu anayejaribu kuvunja kipande cha muwa.

Nikiwa kijana kazini nilipelekwa kuangalia nyumba ya mwalimu iliyojengwa juu ya mbuga, nyumba ya chini tu, ya vyumba vitatu. Mwenye nyumba alinionyesha mlango wa chumbani. Upande wa juu wa fremu alikuwa ameuchonga kwa randa mara tatu, kila msimu wa mvua, kwa sababu mlango uligoma kufunga. Kiangazi kikifika unabaki upenyo wa kupitisha vidole viwili. Kutoka kwenye kona ya kila dirisha kulikuwa na ufa umekwenda kwa mshazari kuelekea juu, mpana kwenye dari na mwembamba chini. Alishauziba kwa lipu, akaupaka rangi, ukarudi palepale. Fundi aliyeijenga alilaumiwa kwa saruji kidogo. Nilipobomoa kipande cha tofali, saruji ilikuwa nzuri tu. Msingi ulikuwa umekwenda chini sentimita 60, wote ndani ya mbuga.

Sasa tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo fundi wako anapokosea ingawa nia yake ni njema. Chukua mita moja ya ukuta wa nje wa nyumba yenu. Ukuta wa tofali za inchi 6 wenye kimo cha mita 3, pamoja na lipu pande zote mbili, una uzito wa karibu tani moja. Mna kuta mbili, ya chini na ya juu: tani 2. Jamvi la unene wa sentimita 15 lina karibu kilo 375 kwa kila mita ya mraba. Ongeza vigae, lipu ya chini, watu na makabati, ufike kilo 600 na ushei. Chumba kikiwa na upana wa mita 4, nusu ya mzigo huo inaegemea ukuta huo, yaani tani moja na robo hivi. Weka na paa. Tumefika tani 3 na nusu, na ukihesabu uzito wa msingi wenyewe zinapita 4. Ukizitandaza juu ya msingi wenye upana wa sentimita 60, ardhi inabebeshwa karibu tani 7 kwa mita ya mraba.

Kwenye kichanga kilichoshikamana au moramu ngumu, yaani udongo wa changarawe, tani 7 ni kitu kidogo. Tofali nzuri nazo zitaubeba mzigo huo bila shida. Kwa maana hiyo fundi wako hasemi uongo: nyumba ya ghorofa moja inaweza kubebwa na kuta bila nguzo hata moja, na kabla ya zege la nondo kuenea watu walijenga hivyo kwa mamia ya miaka. Magofu ya Kilwa na Gede ni kuta za mawe na chokaa zilizobeba dari nzito. Lakini udongo wa mbuga mkali, ukizuiwa usivimbe, unaweza kusukuma kwenda juu kwa tani 10, 20 na hata zaidi kwa kila mita ya mraba. Nyumba yenu inasukuma chini kwa 7. Ndiyo sababu nasema swali la kwanza si kama tofali zitabeba jamvi. Udongo huo una nguvu ya kuinua nyumba nzima pamoja na jamvi lake, na ukuta wa tofali haujui kupinda. Tofali ni hodari wa kukandamizwa na dhaifu wa kuvutwa. Msingi ukinyanyuka upande mmoja kwa sentimita moja na nusu tu, ukuta unaachia.

Kwa hiyo kwanza chimbeni. Shimo moja katikati ya kiwanja na mengine mawili kwenye kona zinazotazamana, mita 2 na nusu kwenda chini au mpaka mfike kwenye kitu kigumu. Msimwache mtu ndani ya shimo la kina hicho peke yake, na kama kingo zinamomonyoka chimbeni kwa ngazi. Andikeni kila tabaka linaanzia wapi na kuishia wapi: mweusi mpaka sentimita ngapi, kijivu chenye vijiwe vyeupe mpaka wapi, moramu inaanzia wapi. Chukueni udongo wa kila tabaka, angalau mfuko wa kilo 5, mpeleke maabara ya udongo. Wakati mnasubiri majibu, kuna kipimo unachoweza kufanya mwenyewe jikoni kwa mama ukapata picha. Kausha udongo, utwange, uuchekeche kwa chekeche la unga. Jaza kikombe kidogo kimoja bila kushindilia, umimine taratibu kwenye chupa ya kioo iliyojaa maji, uuache mpaka kesho yake ukitulia. Halafu weka alama kwenye chupa mahali udongo ulipofika, na ulinganishe na kikombe kile kile cha mchanga kilichomwagwa kwenye chupa ya aina ile ile. Maabara hufanya kipimo hicho kwa chombo chenye vipimo. Udongo ulioongezeka chini ya nusu ya ujazo wake kwa kawaida hausumbui sana. Ulioongezeka mara moja zaidi, yaani kikombe kimoja kikawa viwili, ni wa kuogopwa.

Majibu ya shimo yatawapeleka kwenye njia moja kati ya hizi.

Kama mbuga ni nyembamba, tuseme mita moja au moja na robo, na chini yake kuna moramu au mwamba, mmebarikiwa. Ushusheni msingi wote mpaka kwenye ugumu. Hapo hata kuta zinazobeba zinaruhusiwa, mradi msingi ufungwe kwa mkanda wa zege la nondo chini, mkanda mwingine usawa wa linta, yaani juu ya milango na madirisha, na jamvi lenyewe likae juu ya kuta bila kukatika. Mtatumia tofali nyingi chini ya ardhi lakini mtaokoa nondo.

Kama mbuga inakwenda mita 2 au 3, hapo mimi ni upande wa jirani yako: fremu. Fremu ni mifupa ya nguzo, boriti na jamvi vilivyomwagwa na kufungwa nondo vikawa kitu kimoja, na kuta ni za kujazia tu. Siipendi hapo kwa sababu ya fasheni. Naipenda kwa sababu inakusanya mzigo wote kwenye sehemu chache. Nguzo ya katikati katika nyumba yenu inaweza kufikisha tani 20. Mashimo kumi na mawili ya nguzo unaweza kuyashusha kwa gharama inayovumilika mpaka chini ya tabaka linalolowa na kukauka. Mtaro mzima wa msingi wa ukuta huwezi. Kisha boriti za chini zinazounganisha nguzo hizo zisilale juu ya mbuga. Ziachwe na upenyo chini yake, sentimita 7 hadi 10, ili udongo ukivimba uvimbe humo bila kugusa nyumba. Hili la upenyo mafundi wengi hawalijui, na ukiwaambia watakujazia kifusi kwa kudhani wanakusaidia. Lisimamie wewe mwenyewe. Wahindi, ambao wana udongo huu huu eneo kubwa mno, walikwenda mbali zaidi: watafiti wa mji wa Roorkee walibuni nguzo za kuchimbiwa ardhini zenye kitako kilichotanuliwa kama kitunguu, mara mbili na nusu ya unene wa nguzo, ili udongo wa juu ukivuta nguzo kwenda juu kitako kiing'ang'anie ardhi ya chini.

Na kama mbuga haina mwisho, mhandisi wa miundo atawaambia kuhusu msingi wa jamvi zima lenye mbavu za boriti chini yake, nyumba ielee kama mtumbwi mgumu. Ni ghali, na kwa kiwanja cha namna hiyo ningewashauri mwelewane na mama mjenge nyumba ya chini nyepesi, au mtafute kiwanja kingine. Nalisema kwa uchungu kwa sababu najua mmeshalipia.

Kuna njia ya katikati ambayo nina hakika fundi wako ataileta mkisema mnataka nguzo. Atapandisha tofali kwanza, kozi kwa kozi, akiacha mapengo kwenye kona, halafu atasimamisha nondo nne ndani ya pengo, atagongelea mbao pande mbili na kumwaga zege. Nje utaona nguzo na utafurahi. Hiyo si fremu, mwanangu. Ni ukuta uliofungwa kwa zege, na mzigo bado unapita kwenye tofali. Si njia mbaya. Imepangwa vizuri huvumilia hata mitetemeko ya ardhi kwenye nyumba ndogo. Ubaya ni kuichanganya. Unadhani una fremu, basi baada ya miaka mitano mnataka kupanua sebule, mnabomoa ukuta mkijua kwamba nguzo zinabeba, kumbe mmemkata mbebaji. Kwa hiyo kabla ya tofali la kwanza, mhandisi aandike kwenye mchoro mzigo unapita wapi, na mchoro huo mama autunze pamoja na hati ya kiwanja.

Hapo hapo niseme kuhusu kuongeza ghorofa, kwa kuwa wapangaji wakilipa vizuri wazo hilo litakuja. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka likiwa linajengwa na kuua watu zaidi ya 30. Kibali kilikuwa cha ghorofa 10, nalo lilikuwa limefikishwa 16. Nguzo haina namna ya kukataa mzigo mpya siku unapowekwa. Kama mna wazo la ghorofa ya pili hata kwa mbali, mwambieni mhandisi leo, akuze vitako vya nguzo leo. Mkishafukia, mlango huo umefungwa.

Tofali za kufungamana ambazo rafiki yako anazisifu nami nazisifu. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulizisambaza miaka mingi. Udongo wenye mchanga, saruji kidogo, unashindiliwa kwenye mashine, na kwa kuwa tofali zinashikana zenyewe saruji ya kuungia inapungua sana. Ila msizifyatue kwa udongo wa kiwanja chenu. Mfinyanzi mweusi haukubali; tofali zitapasuka zikiwa bado kivulini. Leteni udongo mwekundu wenye kichanga, na mzitumie kujazia kuta ndani ya fremu.

Mkiamua kununua tofali za kawaida, mwulize mfyatuaji mfuko mmoja wa saruji unatoa tofali ngapi, kisha usimtazame usoni, piga hesabu. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Tofali la inchi 6 la vipimo vya kawaida, inchi 18 kwa 9, lina karibu lita 16. Akisema 25, saruji ni sehemu moja kwa karibu 11. Akijisifu kwamba anatoa 50, ni moja kwa karibu 23. Hiyo ni rangi ya saruji tu. Kwa ukuta unaobeba ghorofa msikubali hata hizo za 25, zifyatueni wenyewe mkisimamia, na mzimwagilie maji wiki nzima chini ya turubai au majani.

Sasa mkandarasi wa barabara. Watu humwona kama mtu wa nje kwenye kazi ya nyumba, na kwa usajili wana haki: Bodi ya Usajili wa Makandarasi inawagawa wa majengo, wa kazi za kihandisi kama barabara na madaraja, wa umeme, wa mitambo na wa kazi maalumu, kila kundi na ngazi zake. Mtu wa barabara hapaswi kuwajengea ghorofa kama hana usajili wa majengo, hata akiwa ndugu wa mjomba. Lakini angalieni alicho nacho. Kazi yake ya kila siku ni kupigana na udongo. Mbuga ndiyo inayomharibia barabara, na anajua dawa yake: kuiondoa, kuleta moramu, kuimwaga kwa matabaka ya sentimita 15, kuilowesha kwa kiasi, kuishindilia kwa mashine na kuipima kila tabaka kabla ya kuweka jingine. Fundi wa nyumba anajaza kifusi cha mita nzima kwa mkupuo, anamwagia maji na kukanyaga kwa miguu. Basi bei ya undugu ichukueni kwenye kazi ya ardhi. Aondoe mbuga chini ya sakafu yote na mita moja na nusu zaidi kuzunguka nyumba, ajaze moramu. Isiwe mchanga wala kokoto. Mchanga unapitisha maji, mtakuwa mmechimba beseni ndani ya mfinyanzi. Maji ya mvua yatajaa humo na kuulowesha udongo wa chini usioona jua. Baada ya hapo apishe mkandarasi wa majengo, na fundi wenu afanye kazi chini ya mkandarasi huyo. Msimfukuze. Mtu aliyesimamisha nyumba nyingi ana mkono mzuri wa timazi na lipu. Alichokosa ni hesabu ya mzigo, ambayo si kazi yake.

Kuhusu zege sitasema mengi, mchoro utasema. Jambo moja tu nawaomba mlisimamie kwa macho: maji. Mfuko mmoja wa saruji unataka lita 25 hivi, pungufu kama mchanga umelowa. Saidia fundi waliochoka hupenda zege jepesi linalotiririka, kwa hiyo ndoo ya ziada inaingia kimyakimya. Yale maji ya ziada hukauka na kuacha matundu, na nguvu ya nguzo inaondoka nayo. Kwa jua la Shinyanga, jamvi lifunikwe na kuloweshwa siku 7 bila kukosa, na mirunda chini yake isiguswe mpaka siku 21 zipite, hata mwenye mirunda akija kuidai.

Kilichobaki ni maisha ya mama ndani ya nyumba hiyo. Maji ya bati yaingie kwenye mfereji na tanki, yasidondoke ukutani. Sakafu ya nje ya kuzunguka nyumba iwe na upana wa mita moja na nusu, ikiinamia nje. Shimo la maji taka likae mbali na nyumba, upande wa bondeni. Bomba la maji likivuja chini ya sakafu kwa mwezi mmoja linafanya uharibifu wa misimu kumi, hivyo mabomba yapite pembeni ambako fundi anaweza kuyafikia. Mwarobaini na miti mingine mikubwa ipandwe mbali kadiri ya kimo itakachofikia, kwa kuwa mizizi hunyonya maji kiangazi na kusinyaza udongo upande mmoja. Na mama, kama wamama wote ninaowajua, atataka mchicha na maua chini ya dirisha la jikoni ayamwagilie jioni. Mtengenezeeni bustani yake tangu mwanzo, mita 4 au 5 kutoka ukutani, yenye bomba lake.

Chimbeni hayo mashimo matatu sasa kabla mvua za Novemba hazijafika, myafunike usiku ili ng'ombe wasitumbukie, na uniandikie kila tabaka lina sentimita ngapi.